Mapumziko ya familia Lake District msimu wa vuli: mwongozo kamili wa kupanga

Wengi wanaokwenda Lake District kwa mara ya kwanza huanza na orodha ya maziwa: Windermere lazima, Ullswater lazima, kisha Coniston, Derwentwater, Buttermere, na mlima mmoja wa kupigia picha. Orodha hiyo inafaa mwezi Juni, jua linapotua karibu saa nne usiku. Oktoba haifai. Vuli ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza inatawaliwa na mambo mawili, mwanga na mvua. Ukipanga safari kwa kuyafuata hayo mtaona machache, lakini mtayafaidi. Ukipanga kwa kufuata orodha, watoto watashinda wamefungwa mikanda kwenye gari.

Ramani nayo hudanganya. Hifadhi hii ya taifa, iliyoanzishwa 1951 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2017, ina kilomita za mraba 2,362, na mtu hudhani ataizunguka kwa siku mbili. Lakini milima imekaa katikati na mabonde yanatawanyika kuelekea kila upande, kila bonde na barabara yake. Keswick hadi Wasdale Head ni kama kilomita 17 kwa mstari ulionyooka. Kwa gari unauzunguka mlima kwa zaidi ya saa moja, sehemu kubwa ikiwa njia nyembamba yenye kuta za mawe pande zote mbili. Kwa hiyo chagua upande mmoja, ukae hapo.

Hatua ya 1: Chagua wiki

Fanya hili kabla ya kutazama nyumba yoyote, kwa sababu wiki ndiyo inayoamua rangi ya majani, bei, umati wa watu na saa ya giza.

Nusu ya kwanza ya Oktoba mchana bado una urefu wa kutosha. Katikati ya mwezi jua huchomoza kama saa moja na dakika arobaini asubuhi na kutua saa kumi na mbili na robo jioni. Miti mingi bado ina kijani, ila kangaga za milimani zimeshageuka rangi ya kutu, na miteremko yote huonekana kama imepakwa udongo mwekundu. Huu pia ndio wakati wa kulungu wekundu kupandana. Madume hunguruma asubuhi na jioni, na bonde la Martindale, kusini-mashariki mwa Ullswater, linajulikana kwa hilo. Watoto hawasahau ule mngurumo. Simameni mbali na msiwakaribie, dume la kipindi hicho halina subira.

Wiki ya mwisho ya Oktoba ndiyo likizo fupi ya shule nyingi za Uingereza. Rangi huwa zimekolea, vivutio karibu vyote viko wazi, na bei zimepanda. Jambo ambalo wageni hawalihesabu ni saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa nane usiku, saa hurudishwa nyuma hadi saa saba. Jumamosi jua lilitua saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Jumapili linatua saa kumi na moja kasorobo. Mara nyingi likizo yenyewe huanza siku inayofuata, kwa hiyo familia nyingi hupata rangi nzuri kuliko zote na jioni fupi kwa pamoja.

Wiki ya kwanza na ya pili ya Novemba ni za wanaopenda ukimya. Mialoni ya Borrowdale bado ina majani, na misonobari aina ya larch, ambayo tofauti na jamaa zake hupukutisha, huwa ya dhahabu. Nyumba ni rahisi zaidi. Ila karibu na saa kumi na dakika ishirini jua limeshatua, na baadhi ya vivutio vimefunga mpaka machipuko.

Kama watoto hawamo kwenye shule za Uingereza, mimi ningechukua juma la tatu la Oktoba bila kusitasita. Kama wamo, subirini likizo. Tangu Agosti 2024, faini ya kumtoa mtoto shuleni bila ruhusa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, baada ya hapo pauni 160, na hufikiwa mtoto anapokosa siku tano. Baba, mama na watoto wawili, zidisha mwenyewe.

Kwa familia inayotoka Tanzania, Kenya au Uganda, viza ya mgeni ndiyo inayotangulia yote. Maombi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, kila mtoto na fomu yake, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Safari ya Oktoba ina maana ya kuomba Julai. Kabla viza haijatoka, usilipie nyumba ambayo pesa zake hazirudishwi.

Hatua ya 2: Chagua kambi yenu

Hapa ndipo penye uzito wa mpango mzima, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na mvua. Mawingu hutoka baharini upande wa magharibi, hugonga milima, humwaga pale. Seathwaite, kijiji kilicho mwisho wa bonde la Borrowdale, hupokea zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Ukienda mashariki mvua hupungua haraka, na Penrith, safari fupi tu kwa gari, haipati hata theluthi moja ya hiyo. Ndiyo maana siku moja inaweza kuwa gharika bondeni huku Pooley Bridge, mwisho wa kaskazini-mashariki wa Ullswater, kukiwa na jua la wastani. Si kwamba huko ni salama milele: daraja la mawe la Pooley Bridge lilisombwa na mafuriko ya Desemba 2015, na la sasa la chuma cha pua lilifunguliwa 2020. Lakini kwa wastani, mashariki ni pakavu zaidi.

Kusini kuna Windermere, ziwa kubwa kuliko yote ya asili nchini England, lenye urefu wa kama kilomita 17, pamoja na miji ya Bowness na Ambleside. Ni rahisi kufika kwa treni, boti ni nyingi, maduka na migahawa pia. Ni pazuri kwa wenye watoto wachanga na wasiotaka kutembea sana. Ubaya wake ni msongamano, na wikiendi za likizo magari husimama foleni ndefu kando ya ziwa.

Ullswater ni kwa wenye gari na wanaotaka utulivu. Meli zake za zamani zinafanya kazi mwaka mzima: Lady of the Lake ilishushwa majini 1877, Raven 1889. Kutoka gati ya Aira Force mnatembea kidogo hadi maporomoko ya maji ya kama mita 20, ambayo vuli huwa na maji ya kutosha kwelikweli. Ngazi za hapo huteleza, na kigari cha mtoto hakifiki chini ya maporomoko. Mbebe mgongoni.

Coniston na Hawkshead ni vijiji vidogo vyenye misitu mingi, na Tarn Hows iko karibu. Hiki ni kiziwa chenye njia ya mzunguko ya kama kilomita tatu, iliyosawazishwa kiasi kwamba kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto hupita. Kwa rangi za majani, ukiwa na mzee au mtoto asiyetembea, sijui mahali panapolipa kuliko hapo.

Nikiulizwa na familia yenye umri mchanganyiko, na hasa isiyo na gari, jibu langu ni Keswick. Kutoka soko la mji hadi gati ya Derwentwater ni mwendo wa dakika kumi kwenye njia tambarare. Dakika kumi nyingine unafika Friar's Crag, rasi ndogo ya miamba yenye benchi, na mbele yako ziwa lote na milima ya Borrowdale. Bibi anaweza kufika hapo kwa fimbo yake akarudi bila kuitiwa gari. Na mvua ikinyesha mko mjini, si mwisho wa bonde.

Hatua ya 3: Nyumba

Nyumba za kupangisha zina siku zake za kupokea wageni, kwa kawaida Ijumaa, Jumatatu au Jumamosi, na wiki ya likizo wenye nyumba wengi hukataa chini ya siku saba. Kama mnataka siku nne, tafuteni Jumatatu hadi Ijumaa nje ya likizo, ni nafuu kuliko wikiendi. Hosteli za YHA zina vyumba vya familia na jiko la pamoja. Ya Ambleside iko ukingoni kabisa mwa Windermere.

Mwulize mwenye nyumba maswali haya, na mpate majibu kwa maandishi:

- Nguo na viatu vilivyolowa vinakaushwa wapi? Jibu la "kuna redieta" halitoshi kwa watu watano.
- Joto la nyumba limo ndani ya bei, au kuni na umeme vinalipiwa kando?
- Gari linaegeshwa mlangoni au mita mia tatu mbali?
- Kuna ngazi ngapi hadi chooni? Nyumba za mawe za zamani zina ngazi kali na dari fupi, na mzee akiamka usiku hilo ni jambo kubwa.
- Simu inashika ndani ya nyumba?

Swali la kwanza ndilo muhimu kuliko yote. Vuli ya huko, kulowa ni kawaida. Kinachoharibu siku ni kuvaa kesho yake kiatu kilekile kibichi.

Hatua ya 4: Kufika na kuzunguka

Kwa treni kutoka London Euston, mnashuka Oxenholme baada ya kama saa mbili na dakika arobaini, kisha treni ndogo ya dakika ishirini hadi Windermere. Wanaokwenda Keswick au Ullswater waendelee hadi Penrith, halafu basi la X4 au X5 hadi Keswick. Tiketi za bei nafuu za Advance hutoka kati ya wiki 8 na 12 kabla. Kadi ya Family & Friends Railcard hupunguza theluthi moja kwa watu wazima na asilimia 60 kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na mara nyingi hurudisha gharama yake katika safari moja.

Ndani ya eneo, basi la 555 ndilo uti wa mgongo: linaunganisha Windermere, Ambleside, Grasmere na Keswick. Kaeni ghorofa ya juu, mbele. Basi la 78 linaingia Borrowdale. Ratiba za kiangazi hupunguzwa vuli, kwa hiyo angalia ratiba ya tarehe zenu hasa, na andika saa ya basi la mwisho kwenye karatasi.

Wenye gari: mtoto anahitaji kiti maalumu mpaka afikishe miaka 12 au sentimita 135, chochote kinachotangulia. Epukeni barabara ya Hardknott Pass, hata kama simu inasema ni ya mkato. Mteremko wake hufika asilimia 33 na kona zake zinamtosha dereva mzoefu kutokwa jasho, sembuse yenye majani mabichi. Maegesho ya Buttermere na mabonde madogo hujaa mapema siku nzuri, fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Wanachama wa National Trust huegesha bure kwenye maegesho ya shirika hilo, na kwa familia inayokaa wiki nzima hesabu hiyo ni ya kupigwa kabla ya safari.

Hatua ya 5: Mzigo

Koti la mvua lisilopitisha maji lenye kofia, kwa kila mtu. Mwavuli uacheni nyumbani, upepo wa ziwani utaugeuza siku ya kwanza. Suruali ya mvua kwa watoto ni muhimu kuliko koti la pili, maana wao hukaa chini popote. Jinzi ikilowa ni nzito na haikauki. Soksi za sufu, jozi tatu kila mtu, kofia, glavu, na tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima. Tochi ya simu haitoshi, inamaliza chaji mnayoihitaji. Ongeza thamosi mbili: moja ya chai, moja ya uji au supu kwa mdogo.

Chakula: Keswick na Windermere zina maduka makubwa ya kutosha. Anayekula halali peke yake abebe nyama iliyogandishwa kutoka mji mkubwa, vijiji hivi ni vidogo. Migahawa mingi hufunga jiko mapema jioni, na wiki ya likizo meza ya watu watano bila kuitisha kabla ni bahati nasibu.

Hatua ya 6: Panga siku, si safari

Kanuni ninayoitumia ni moja: kila siku jambo moja la nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na jambo moja la ndani lililo karibu, ambalo mnaweza kulibadilisha likawa la kwanza. Utabiri wa hali ya hewa usomeni jioni, na tena asubuhi. Huduma ya Lake District Weatherline hutoa utabiri wa milimani kila siku, na ndio wa kufuatwa. Ule wa mjini haukuhusu ukiwa juu.

Kwa wanaokaa Keswick, siku ya kwanza iwe ya boti. Keswick Launch huzunguka Derwentwater kwa dakika 50 na kusimama kwenye gati saba, baadhi ya safari zikienda upande mmoja na nyingine upande wa pili. Hapo familia inaweza kugawanyika bila ugomvi. Bibi na mdogo wanamaliza mzunguko wakiwa wamekaa, wakubwa wanashuka Hawes End na kupanda Catbells. Mlima huo ni wa mita 451 tu na huitwa wa familia, lakini una sehemu mbili za miamba ambapo mikono hutumika. Mawe yakiwa mabichi na mtoto akiwa chini ya miaka minane, bora njia ya msituni kando ya ziwa mpaka gati inayofuata, kisha boti ya kurudi. Ulizeni saa ya boti ya mwisho *kabla* ya kushuka.

Buttermere inafaa siku kavu. Mzunguko wake ni kama kilomita saba, karibu wote tambarare, na upande wa kaskazini-mashariki njia hupita kwenye handaki fupi lililotobolewa kwenye mwamba. Ni giza, sakafu haiko sawa, maji yanadondoka shingoni, na watoto watataka kulipita mara tatu. Wapeni muda huo. Hakuna mahali pengine mnapowahi.

Siku ya mvua ya kweli, Keswick ina makumbusho ya penseli. Grafiti ilipatikana Borrowdale katika karne ya 16, na penseli za Uingereza zikaanzia hapo. Ndani kuna penseli moja ya rangi yenye urefu wa karibu mita nane, na zile za siri za Vita vya Pili vya Dunia zilizofichwa ramani na dira ndogo ndani yake. Ni padogo, saa moja na nusu inatosha. Grasmere kuna Dove Cottage, nyumba aliyoishi mshairi William Wordsworth 1799 hadi 1808. Watu wazima wataipenda zaidi ya watoto. Hill Top, nyumba ya Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za watoto, karibu na Hawkshead, ni ndogo sana na hufungwa majira ya baridi. Hakikisheni tarehe, na mnunue tiketi mapema.

Siku moja iachieni treni ndogo ya Ravenglass hadi Eskdale, upande wa pwani. Reli ilifunguliwa 1875, na upana wake wa sasa ni sentimita 38 tu. Mwendo ni kama dakika 40 kila upande kwa kilomita 11. Kuna mabehewa yaliyofunikwa, mvua haizuii kitu. Ni safari ndefu kutoka Keswick, kwa hiyo siku hiyo msipange kingine.

Na siku moja iwe tupu. Siisemi kwa uvivu. Siku ya tatu au ya nne ndipo mtoto anapoamka na homa au anga inapofunguka ghafla, na familia yenye siku tupu ndiyo inayoweza kuitumia.

Hatua ya 7: Usalama

Joto hushuka kama nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita elfu moja za kupanda, na upepo huongeza makali. Wekeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, kwa mfano saa saba na nusu mchana. Ikifika mnageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Mkipata shida mlimani, pigeni 999, ombeni polisi, kisha Mountain Rescue. Waokoaji ni watu wa kujitolea na hawatozi. Mtandao hukatika mabondeni, kwa hiyo kabla ya safari tuma neno "register" kwenda 999 ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi. Filimbi nayo ibebwe: mipulizo sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.

Ziwani, watoto wasiingie kuogelea. Maji ya Oktoba ni baridi ya kukata pumzi. Baada ya kiangazi kunaweza pia kuwa na mwani wa buluu-kijani, hasa Windermere, unaodhuru watu na kuua mbwa. Mkiona utando kama rangi iliyomwagika ukingoni, au kibao cha tahadhari, hata mikono isiguse.

Hatua ya 8: Siku ya kuondoka

Nyumba nyingi hudai funguo saa nne asubuhi, na treni yenu huenda ni ya saa nane. Ulizeni mapema kama mizigo inaweza kuachwa mahali. Nguo mbichi ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki usiku uliotangulia, chakula kilichobaki kigeuzwe mikate ya njiani, na mtu mmoja apite chini ya vitanda vyote. Wanaopitia Penrith wachukue basi linalotangulia lile wanalolihitaji. Barabara ya A66 ikiwa na ajali au upepo mkali, basi huchelewa, na tiketi ya Advance ni ya treni hiyo hiyo tu.